Mpira upi wa miguu unafaa kiwanja kikavu kisicho na nyasi?

Mwalimu wa Michezo, Uyui

Habari za jioni, wanajukwaa.

Ninafundisha katika shule ya sekondari ya kata wilayani Uyui, mkoani Tabora, na mwaka huu nimekabidhiwa idara ya michezo. Kiwanja chetu hakina nyasi hata kidogo. Wakati wa mvua kinachezeka vizuri kwa sababu udongo unalainika, lakini kuanzia Mei hadi mvua za kwanza za Novemba ardhi inakakamaa, changarawe inabaki juu juu, na mbigili zinasambaa kutoka pembezoni hadi ndani ya eneo la penalti. Kwa bahati mbaya maandalizi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, yanaangukia kipindi hicho hicho.

Mipira tunayonunua haidumu. Ngozi ya nje inachubuka mpaka kitambaa cha ndani kinaonekana, mingine inatoboka, na hata ile inayobaki mizima inadunda kupita kiasi, hivyo wanafunzi wanatumia muda mwingi kuisubiri ishuke kuliko kuicheza.

Mkuu wa shule ameidhinisha fedha za kununua mipira michache kwa ajili ya timu ya wavulana na ya wasichana. Dukani nimeonyeshwa aina tatu: mpira wa raba tupu usio na mshono, mpira wa kushonwa, na mwingine laini unaong'aa ambao vipande vyake vimegandishwa bila uzi, na huo wa mwisho ndio wa bei kubwa kuliko yote. Muuzaji anashikilia kwamba wa bei kubwa ndio imara. Ninaomba ushauri wa watu waliocheza, waliofundisha au waliotengeneza mipira katika mazingira kama yetu: tununue ya aina gani, tuijaze upepo kiasi gani, na je, wasichana wapewe mpira wa ukubwa namba nne au namba tano?

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Mwalimu, salamu kutoka Kigoma. Kazi yangu ni kushona viatu, mabegi na mipira hapa Mwanga, kwa hiyo nitazungumzia zaidi kile kinachoharibika, maana mipira inayofika mezani kwangu ni ile ambayo imekwisha kushindwa kazi.

Ule wa kugandishwa uuache dukani. Ni mpira mzuri uliotengenezwa kwa ajili ya nyasi, na uzuri wake hautakusaidia kwenye changarawe. Njia hiyo ya kuunganisha vipande kwa joto badala ya uzi iliingia katika mashindano makubwa mwaka 2004, pale adidas walipotoa Roteiro kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Ulaya nchini Ureno, na miaka miwili baadaye Teamgeist ya Kombe la Dunia ikawa na vipande 14 tu. Faida yake ni kwamba mpira unakuwa wa duara zaidi na haunywi maji kirahisi, lakini kiangazi sisi hatuna shida ya maji. Changarawe ikishanyanyua ukingo wa kipande kimoja, kipande hicho kitaendelea kubanduka kila mpira unapoburuzwa, na mimi fundi sina mahali pa kupitisha sindano. Gundi ya viatu hushika kwa muda kisha huachia, kwa sababu mpira unapopigwa unabonyea na kurudi, na gundi iliyokauka haivumilii mkunjo huo.

Ninachokushauri ni mpira wa kushonwa kwa mkono wenye vipande 32, yaani 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano, kama Telstar iliyochezewa Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Sababu yangu kubwa ni kwamba mpira huo unafunguka. Mbigili ikitoboa blada, yaani mfuko wa ndani unaoshika upepo, ninafumua mshono mmoja ulio karibu na tundu, ninaitoa blada, ninaiziba, ninairudisha na kushona tena kwa uzi uliopakwa nta. Hata kipande kimoja kikichakaa peke yake, kinaweza kubadilishwa kwa kingine kilichotolewa kwenye mpira uliokwisha kufa. Kwa shule ambayo bajeti yake inakuja mara moja kwa mwaka, kama inakuja, hilo lina thamani kuliko jina lililochapwa ubavuni.

Hata hivyo mipira ya kushonwa nayo haifanani, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Kwanza tenganisha wa mkono na wa mashine. Weka vidole gumba viwili pande mbili za mshono, kisha uvute kana kwamba unataka kuvitenga vipande: kwenye mpira wa mashine utauona uzi mwembamba na nafasi itafunguka, ilhali kwenye mpira uliokazwa vyema kwa mkono mshono umezama na uzi hauonekani. Halafu uliza ngozi ya nje ni ya kitu gani. Siku hizi ngozi halisi ya ng'ombe huipati kirahisi. Utauziwa PU au PVC, ambazo ni aina mbili za plastiki. PU ni laini mguuni na ndiyo inayosifiwa, lakini kwenye changarawe inachubuka mapema. PVC ni ngumu kidogo na haina raha ile, ila inavumilia kuburuzwa. Kwa kiwanja ulichokieleza mimi ningechukua PVC nene bila kujiuliza mara mbili.

Chini ya ngozi kuna tabaka za kitambaa cha pamba au poliesta, kwa kawaida kati ya mbili na nne, na hizo ndizo zinazouzuia mpira usitanuke na kuota tumbo upande mmoja. Omba kuubonyeza mpira ukiwa hauna upepo: wenye tabaka chache unakunjika ovyo mkononi, wenye tabaka za kutosha unakataa kidogo. Blada iwe ya butili, yaani raba ya viwandani. Ile ya lateksi (raba asilia) ni laini na inadunda kwa uhai, lakini inapoteza upepo taratibu hata bila kutoboka, na utalazimika kuijaza kila baada ya siku chache. Butili inatunza upepo kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa tyubu za baiskeli nazo hutengenezwa kwa butili, viraka na solusheni ya kawaida ya baiskeli vinashika bila shida.

Mwalimu wa Fizikia, Tabora Mjini

Ndugu Fundi ameeleza vizuri upande wa ngozi na mshono. Mimi niongeze upande wa upepo, kwa sababu malalamiko ya mpira kudunda kupita kiasi hayataondolewa na ngozi peke yake.

Mpira unapoanguka, sehemu ya nishati yake humezwa na ardhi na sehemu nyingine humezwa na mpira wenyewe unapobonyea. Nyasi na udongo mlaini humeza nishati nyingi, lakini ardhi iliyokauka na kushindiliwa na miguu humeza kidogo sana, hivyo kazi yote inaachiwa mpira, na mpira uliojazwa mpaka ukakaza haubonyei vya kutosha kuifanya. Sheria ya pili ya mchezo inaruhusu presha kati ya angahewa 0.6 na 1.1, ambayo kwenye geji (kipimo cha upepo) ni kama psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, 8.5 hadi 15.6. Hiyo ni nafasi pana mno, na wengi wetu kwa mazoea hujaza mpaka kidole gumba kikatae kuingia, yaani karibu na ukomo wa juu. Kwa kiwanja chenu wakati wa kiangazi nashauri psi 9 hadi 10. Msishuke chini ya hapo, kwa sababu mbali na suala la sheria, mpira uliolegea hukunjwa kila unapopigwa na mikunjo hiyo huchosha kitambaa na mshono ambao Fundi ameusifu.

Jambo linalosahaulika ni jua. Tuseme mmejaza mpira saa moja asubuhi mwezi wa Julai, hewa ikiwa nyuzi 17 za Selsiasi, kisha mpira ukalala juani hadi saa tisa alasiri na kufika nyuzi 45. Kwa kipimo cha Kelvin (nyuzi za Selsiasi kuongeza 273) halijoto imepanda kutoka 290 hadi 318, na presha kamili ndani ya blada hupanda kwa uwiano huo huo, yaani karibu asilimia 10, mpira usipotanuka. Lakini geji husoma tofauti tu kati ya ndani na nje. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ya nje ina presha ya psi 12.7 hivi, mpira uliosoma 10 asubuhi una jumla ya 22.7, alasiri jumla inafika karibu 24.9, na geji itasoma zaidi ya 12. Hakuna aliyegusa pampu, na bado mpira mliouacha asubuhi hauchezeki kwa namna ile ile jioni. Kwa hiyo pimeni upepo muda mfupi kabla ya kuanza, na mipira ikae kivulini, si kwenye stoo ya bati inayopigwa na jua mchana kutwa. (Tofauti ya kimo kati ya Kigoma na Tabora nayo huongeza usomaji wa geji, lakini ni kwa chini ya psi moja, wachezaji wanaopanda treni kuja huku wasihangaike nayo.)

Kuhusu kupima dukani, mpira namba tano unatakiwa kuwa na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Utepe wa fundi cherehani na mizani ya duka vinatosha kabisa, na mtashangaa ni mipira mingapi inayoshindwa mtihani huo rahisi. Mdundo nao unapimika. Mpira unaoomba alama ya juu ya ubora ya FIFA hudondoshwa kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma na hutakiwa kuruka kati ya sentimita 135 na 155. Ninyi mnaweza kuudondosha kwenye sakafu ya saruji ya darasa huku mmechora alama ukutani. Haitakuwa maabara, lakini mtaona upesi ni upi unaowapita wenzake, na mtapunguza upepo wake mpaka ulingane nao.

Kocha wa Wasichana, Kasulu

Nawasalimu nyote. Ninakubaliana na Fundi kuhusu mpira wa mechi, lakini naona ameuruka mpira wa raba pasipo kuutendea haki.

Mwalimu hana fedha za kununua mipira ya kushonwa ya kutosha mazoezi ya kila siku, na mazoezi ndiyo yanayoua mipira, kwa kuwa mechi ni dakika 90 na mazoezi ni wiki nzima. Mpira wa raba hauna mshono ambao changarawe itaudaka, na uso wake unaweza kusuguliwa msimu mzima ukapungua kidogo tu. Kwa zoezi la pasi za chini, kukokota, na kutuliza mpira kwa unyayo, unatosha. Ubaya wake ninaujua: unaruka zaidi, ni mgumu, na ukimpata mtu kichwani anaumia. Kwa sababu hiyo mimi siruhusu zoezi lolote la vichwa kwa mpira wa raba, na mipira ya kushonwa inatoka stoo kwa zoezi la kona, la vichwa, na la mashuti, pamoja na siku chache za mwisho kabla ya mashindano ili miguu iuzoee.

Kuhusu namba, mpira namba nne una mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390, na unawafaa watoto wa shule ya msingi wasiozidi miaka 12 hivi. Wasichana wa sekondari wapewe namba tano. Kuwapa mpira mdogo kwa nia ya kuwahurumia ni kuwaandalia mshangao siku ya mashindano, ambako hakuna atakayewahurumia.

Nina pendekezo lingine ambalo sijaona likitajwa. Mkipata fursa, nunueni mpira mmoja wa futsal, yaani soka ya ukumbini. Ni mdogo, sentimita 62 hadi 64, lakini ni mzito kwa umbo lake, gramu 400 hadi 440, na umetengenezwa makusudi usidunde: ukidondoshwa kutoka mita 2, mruko wa kwanza unatakiwa kuwa sentimita 50 hadi 65 tu. Kwenye ardhi kavu mpira huo unatulia chini, na katika mchezo wa watano kwa watano wanafunzi wanajifunza kuinua macho badala ya kuukimbilia mpira unaorukaruka. Msiutumie kwa pasi ndefu wala mikwaju ya kipa, kwa kuwa ni mzito mguuni na haukuundwa kwa kazi hiyo.

Upo pia mpira wa povu usiojazwa upepo kabisa, One World Futbol, uliobuniwa na Mmarekani Tim Jahnigen baada ya kuwaona kwenye habari watoto wa Darfur, nchini Sudan, wakicheza na takataka zilizofungwa pamoja. Mbigili haiufanyi chochote. Hata hivyo hufika kwa njia ya misaada zaidi kuliko madukani, na mguso wake uko mbali na mpira wa mashindano, kwa hiyo ningewaachia watoto wadogo.

Mwalimu wa Michezo, Uyui

Ninawashukuru sana. Mmenifungua macho, hasa kwenye suala la jua, kwa sababu stoo yetu ni ya bati na iko upande wa magharibi.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, vijana wa bodaboda hapa hutumia dawa ya maji ya kuzuia pancha kwenye matairi, na kuna mtu amenishauri tuiingize kwenye mipira kupitia vali ili mbigili zisitusumbue. La pili, mpira wa kushonwa niliouona una alama ya FIFA, na muuzaji anasema alama hiyo peke yake inatosha kuwa dhamana.

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Kocha wa Kasulu, mama, hoja yako ya mazoezi nimeipokea. Niongeze tu kwamba mpira wa raba ukitoboka hauna mlango wa kuingilia, hivyo mnunue mkijua kwamba siku ya mwiba mkubwa ndiyo siku yake ya mwisho.

Mwalimu, dawa ya matairi usiiweke. Tairi linazunguka kwenye mhimili wake na kuisambaza dawa ukingoni pande zote. Mpira hauna mhimili, kwa hiyo dawa hukusanyika upande ulioulalia usiku, na kesho yake mpira unayumba hewani na kipa hajui unaelekea wapi. Pia huziba vali, na mimi nikija kuifungua blada hiyo kiraka hakishiki juu ya utelezi wake. Ukitaka kujua kama mpira una uzito upande mmoja, uweke kwenye beseni la maji na uuzungushe: ukirudi kila mara kwa nguvu upande ule ule, hauko sawa. Upande wa vali kuzama kidogo ni kawaida, hilo lisikutishe.

Dawa ya mbigili ni jembe. Zing'olewe Aprili, udongo ukiwa bado una unyevu na miiba haijakomaa na kudondoka, kwa sababu ikishadondoka utaziokota kiangazi kizima kwa ngozi ya mpira. Wanafunzi wa zamu wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa jioni moja, na itaokoa blada nyingi kuliko fundi yeyote.

Mwalimu wa Fizikia, Tabora Mjini

Nijibu la alama. Alama za sasa ni tatu: FIFA Basic, FIFA Quality na FIFA Quality Pro. Zikiwa za kweli zina maana, kwa sababu mpira unakuwa umepimwa mzingo, uduara, uzito, mdundo, kunywa maji, kupoteza upepo, na, kwa alama ya juu kabisa, kutunza umbo baada ya kurushwa mara 2,000 kwenye bamba la chuma kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Lakini ukivitazama vipimo hivyo, hakuna hata kimoja kinachousugua mpira kwenye changarawe. Mpira wa PU laini unaweza kuvifaulu vyote kwa haki na bado ukachubuka Uyui kabla ya muhula kwisha. Zaidi ya hayo, kuchapa nembo ni rahisi kuliko kutengeneza mpira, hivyo msiiamini mpaka mizani na utepe vikubaliane nayo.

Mwalimu wa Michezo, Uyui

Nimeelewa. Nitamwomba mkuu wa shule tununue mipira miwili namba tano ya kushonwa kwa mkono, ya PVC yenye blada ya butili, itumiwe na timu zote mbili kwa mechi na mazoezi ya vichwa. Mipira ya raba kwa mazoezi ya kila siku. Na mmoja wa futsal iwapo fedha zitabaki. Mipira itahamia ofisi ya walimu, ambayo ina dari. Je, Fundi, ikitoboka niitume kwako kwa treni, au fundi wa huku anaweza?

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Hakuna haja ya kuisafirisha. Fundi viatu yeyote wa sokoni Tabora anayejua kushona soli kwa mkono ataiweza kazi hiyo. Msisitizie mambo mawili: afumue mshono ulio mbali na vali, na uzi upakwe nta kabla ya kushona, kwa kuwa uzi mkavu unakatwa na vumbi linaloingia katikati ya vipande.

Mkiwa dukani chukueni pia sindano kadhaa za pampu, maana hupotea na kuvunjika. Kabla ya kuiingiza sindano, iloweshwe kwa maji au tone la gliserini na isukumwe ikiwa imenyooka. Sindano kavu inayolazimishwa huchana vali, na vali ikishachanika blada nzima inabidi itolewe, hata kama haijawahi kuguswa na mbigili.